Mimba ya Waziri

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelitoa nyuma ya kabati. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa na vipimo vya viuno vya wateja wa mkamwana wangu, ambaye ni fundi cherehani. Nimezichana. Kiuno cha mtu ni siri yake.

Kuanzia leo naandika. Si kwamba napenda. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne nilitokea dirishani. Lakini nyumba hii imeanza kunong'ona, na mtu wa miaka sabini na sita akisema "nimeona" anajibiwa "umesahau". Basi itakuwa imeandikwa.

Nilichokiona ni hiki. Asubuhi, baada ya chai, mwanangu Mkubwa alikuwa nyuma ya banda na tepu ya mkewe ya kupimia nguo. Anampima Waziri. Kifua. Mgongo. Kutoka bega mpaka kiuno. Waziri ni nyumbu wangu, tena nyumbu asiyependa kushikwa kiuno, lakini alitulia kama bibi harusi kwa fundi. Kapewa chumvi, nina hakika.

Nikakohoa. Mkubwa akaisokomeza tepu mfukoni.

"Unapima nini?"

"Ua, Baba. Nataka kubadilisha nguzo."

Ua uko upande wa pili wa nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze vizuri, maana kesi inaweza kufika mbali.

Nina nyumbu wawili. Waziri, jike, miaka kumi na tisa — mama yake farasi, baba yake punda. Na Naibu, jike pia. Huyu ni kinyume: mama yake alikuwa punda wangu mwenyewe, baba yake farasi wa shamba kubwa la ng'ambo ya mto, aliyeruka ua bila hodi wala washenga. Watu husema wote ni nyumbu tu. Sawa, na mimi na shemeji yangu wote ni watu tu. Waziri ana masikio marefu na hasira fupi. Naibu ana masikio mafupi na hana maoni: Waziri akienda naye anaenda, Waziri akigoma naye anagoma, bila kujua mgomo unahusu nini.

Nilipokuwa kijana mteremko huu ulikuwa na nyumbu kumi na wawili. Walivuta plau, walishusha viazi, walipandisha mawe ya shule, yale ya darasa nililotokea dirishani. Mke wangu alikuja hapa na sanduku lake juu ya mgongo wa nyumbu, na nyumbu yule alikataa katakata kuvuka daraja. Mpaka leo mama watoto husema yule nyumbu alikuwa na akili kuliko yeye.

Kisha zikaja pikipiki. Kisha Mkubwa akaleta trekta ya mkono, lile dude la magurudumu mawili linalokohoa kama mgonjwa wa pumu. Kule kwenye matuta ya juu haliwezi kupanda, kwa hiyo kule ilibaki kazi ya Waziri. Mwaka jana Mkubwa akaacha kulima matuta ya juu. Hakusema kwa nini. Sasa Waziri ni Waziri Asiye na Wizara Maalumu. Anakula, anasimama, anatoa maoni kwa mateke.

Na tangu mwaka huu uanze kuna lori. Linakuja siku ya soko, linanunua punda, halirudishi hata mmoja. Ngozi, wanasema. Jirani yangu Mzee Redio, tunamwita hivyo kwa sababu hazimwi, aliwauza punda wake wote wawili. Nilipomuuliza anajisikiaje alisema kumekuwa kimya. Redio analalamika kumekuwa kimya!

Mnyama asiye na kazi, tepu mgongoni, lori sokoni. Hata darasa la nne linatosha kujumlisha hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo alikuja bwana mifugo. Mgeni hapa, ana miezi michache tu, kalamu tatu mfuko wa shati. Nimempa jina Kalamu. Kanisalimia shikamoo nzuri ya kutosha, lakini macho yalikuwa bandani.

Alikuja na fomu. Kwenye fomu kuna ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, punda, farasi. Nyumbu hayumo. Akaizungusha, akaiangalia nyuma, akakuna kichwa kwa kalamu namba mbili.

"Mzee, hawa nikiwaandika punda si sawa tu?"

"Na wewe nikikuandika mwalimu si sawa tu?"

Akacheka. Akaandika punda. Wawili.

Kwa hiyo nililala na nyumbu, nimeamka na punda. Na lori linanunua nini? Sisemi kitu. Naandika tu.

Akampiga Waziri picha ya meno kwa simu, kutoka mbali kidogo, Mkubwa kamshika midomo. Mnyama anayebaki nyumbani meno yake yanampeleka wapi? Nikauliza. Mkubwa akasema ni ya kumbukumbu. Nikamwambia basi na mimi nipigwe, yangu yamebaki sita, yatasahaulika upesi.

Mama watoto alicheka mpaka akashika mlango. Mkubwa hakucheka. Mtu mwenye dhamiri safi hucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Chini ya cherehani ya mkamwana kuna magunia manne, yanashonwa mawili mawili, yanajazwa majani makavu. Nilipoingia aliyafunika kwa gauni la mteja.

"Mito, Baba," akasema.

Mito ya magunia. Labda wamepata mgeni mwenye kichwa cha mawe.

Nadhani ni ya kumfungia Waziri macho na mbavu asipige teke ndani ya lori.

Jumamosi, 8 Machi

Nilishuka sokoni kwa miguu, nikasema naenda kunyoa. Nina nywele kumi na nne. Hakuna aliyeuliza.

Lori lilikuwa pale nyuma ya mizani. Mwenye kamba za kufungia punda alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula ndizi. Nikajifanya muuzaji.

"Mzee una wangapi?"

"Nina wawili, lakini si punda. Nyumbu."

"Kwenye karatasi wameandikwaje?"

Nikaitazama mizani.

"Kama karatasi inasema punda, kwetu ni punda, babu. Sisi hatubishani na serikali."

Nilirudi bila kunyoa. Njiani nilikaa mara mbili. Si kwa uchovu.

Mama watoto kaniuliza mbona nywele zipo. Nikamwambia kinyozi alikataa, alisema hazifiki idadi. Akanitazama ule mtazamo wa miaka hamsini na mbili. Yeye naye anajua kitu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinanipikia chai, na kinauliza kama sukari imetosha.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimetenda jambo. Niliandike likiwa bado la moto.

Kalamu karudi, Mkubwa hayupo, kaenda kutafuta spea ya lile dude lake. Mkononi karatasi mpya. Nikavaa miwani, nikasoma kichwa chake taratibu, herufi kwa herufi: KIBALI CHA KUMWONDOA MNYAMA.

Nikamuuliza anaondolewa kwenda wapi. Kalamu akaangalia viatu.

"Mkubwa wako atakueleza mwenyewe, mzee. Kaniomba nisiseme."

Basi. Ushahidi gani tena? Sura nikaiacha ilivyo, ni nzee, haionyeshi upesi. Nikaendelea kusoma. Chini kabisa, maandishi madogo kama mayai ya chawa: mnyama mgonjwa, mnyama chini ya miaka miwili, mnyama mwenye mimba — haruhusiwi kuondolewa.

"Aa," nikasema. "Pole sana. Umepanda mlima bure."

"Kwa nini, mzee?"

"Waziri ana mimba."

Sasa, nyumbu hazai. Hiyo hata kuku wanajua. Mungu aliwapa nguvu za pande zote mbili, akawanyima mlango wa kutokea. Nimekaa na nyumbu tangu nikiwa na meno ya utoto, sijaona mtoto wa nyumbu, wala baba yangu hakuona. Lakini Kalamu cheti chake ni cha kuku wa mayai. Nilijua hilo. Aliwahi kuniambia mwenyewe, kwa majivuno.

Akamtazama Waziri. Na Waziri, Mungu ambariki, tangu Jumapili nilikuwa namlisha pumba zilizolowekwa, maana nilitaka awe mzito kupanda lori. Tumbo lilikuwa limekaa vizuri, limejaa pande zote.

"Miezi mingapi?"

"Saba."

"Dume?"

"Punda wa Mzee Redio. Yule mkubwa. Aliondoka na lori." Shahidi mzuri ni yule aliyesafiri.

Akasogea kupapasa. Waziri akageuza masikio nyuma. Kalamu akapapasa hewa, umbali wa mkono mmoja na nusu, akatikisa kichwa kama daktari. Nikamwona kwa macho yangu akiandika: *Mimba, miezi saba. Nimempima.*

"Na huyu mdogo?"

"Huyo ndiye mkunga."

Akaandika na hilo, kisha akalifuta.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala kama gunia. Nimeamka nimemkuta Waziri mlangoni mwa banda, nikampa heshima zake: "Mama mjamzito, shikamoo." Akanikanyaga.

Mkubwa karudi na spea. Hajaambiwa. Anapiga mluzi. Piga, mwanangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mluzi umekwisha.

Mkubwa aliitwa ofisini kwa bwana mifugo mchana. Aliporudi hakuja kwangu. Alikaa kwenye tairi bovu nyuma ya nyumba, kofia magotini. Mkewe alitoka, wakazungumza, nikamsikia mkamwana anasema: "Mimba? Mimba gani?" Kisha akaja yeye mpaka nilipo. Alisimama na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa nguo.

"Baba, umefanya nini?"

Nikasema nimeokoa mali yangu. Nikasema kila kitu — tepu, meno, magunia, kibali. Nilisema kama wakili. Nilipofika kwenye lori mkamwana alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na nguo ya kazi.

Habari yenyewe, kwa jinsi walivyonieleza wote watatu, yeye, Mkubwa na mama watoto, wakipokezana, ni hii. Kuna mradi wa maji. Mabomba yanapandishwa mpaka kwenye chemchemi, kwa ajili ya vitongoji vya juu ambako watu wanachota kwa ndoo. Gari halifiki, pikipiki haifiki, lile dude la pumu ndiyo kabisa. Wahandisi wamezunguka wee, mwisho wakasema: tafuteni nyumbu. Nyumbu sita, kazi ya miaka miwili. Mteremko mzima wamebaki wanne, wawili ni wangu. Tepu ilikuwa ya soji, yale matandiko ya kubebea mizigo. Magunia ni soji yenyewe. Meno ni umri. Kibali cha kumwondoa ni cha kumhamishia kambini kule juu.

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

Mkubwa akamtazama mama yake. Mama watoto akajibu, akichambua maharage, hata hakuinua uso:

"Ungeambiwa ungekataa. Wewe hata mvua ikinyesha bila kukuuliza unakataa. Tulisema karatasi isainiwe kwanza, kisha uambiwe."

"Kwenye fomu nimeandika jina lako," Mkubwa akasema. "Mwongozaji mkuu. Waziri hapandi na mtu mwingine, hilo wanalijua. Sasa mwenye mimba hachukuliwi. Na Naibu hatembei bila Waziri. Jumatano ijayo wanachagua wanyama, basi tena."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo bado limekaa hapa mezani: "Baba, hivi ana mimba kweli?"

Ningesema hapana. Neno lenyewe fupi. Lakini walikuwa wananiangalia wote watatu, na mkamwana ana udongo kwenye nguo, na mimi ndiye niliyeanza kusema kama wakili.

"Kwa nini nidanganye?" nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Hadithi yao ni nzuri mno. Hadithi nzuri mno ina mtu nyuma yake.

Nikapanda mwenyewe kwenda kuona. Nilichukua nusu ya siku na fimbo mbili. Mabomba yapo. Meusi, marefu, yamelazwa mafungu mafungu kando ya njia ya zamani ya nyumbu, ile niliyopita na marehemu baba yangu. Mfereji umechimbwa. Nikagonga bomba moja kwa fimbo. Likalia kama bomba. Nikasikitika kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kingine.

Kulikuwa na mama mmoja na ndoo mbili anateremka kutoka kwenye chemchemi. Nikamuuliza, akasema tunangoja nyumbu tu, mzee. Alilisema kama watu wanavyosema tunangoja mvua.

Njia ile imeota nyasi katikati, lakini pembeni bado kuna alama za kwato, mbonyeo kwenye jiwe, moja moja. Niliweka mguu kwenye moja. Hautoshi.

Jumamosi, 15 Machi

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu imekuwa ya lami, na magari yanapita.

Kalamu alikuja, jasho mpaka kwenye kalamu. Karatasi yake ilikwenda ofisi kubwa. Ofisi kubwa wakaisoma mara mbili. Nyumbu mwenye mimba! Wakampigia simu bosi wake, bosi wake akampongeza, akasema jambo kama hilo linatokea mara moja kwa vizazi, hongera kwa jicho kali. Na wanamtuma daktari wa mifugo, yule bingwa. Anakuja Jumanne. Ikithibitika, Waziri atachukuliwa kituo cha utafiti, akae huko aangaliwe.

"Achukuliwe?"

"Mpaka azae, mzee. Na baada ya hapo sijui."

Nikakaa. Kalamu naye akakaa, bila kukaribishwa. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayegusa jipu:

"Mzee. Kati yetu. Nyumbu anazaa?"

"Hazai."

Alifumba macho muda mrefu. Halafu akasema yeye bado yuko kwenye majaribio, mwezi ujao ndiyo anathibitishwa kazini, na ameandika *nimempima* kwa mkono wake. Akasema mzee tusaidiane. Tuseme mimba imetoka. Tuseme ilitoka jana, tukafukia.

Tazama mambo haya. Wiki nzima namshuku mtu huyu kula njama na mwanangu. Sasa njama ipo kweli, na aliyeketi ndani yake ni mimi, na nampa kiti.

Nilimpa maji.

Jumapili, 16 Machi

Mzee Redio kapata habari. Maana yake mteremko mzima umepata.

Wamekuja watu, wamekuja na jamaa zao. Wamesimama kwenye ua wananyoosha vidole. Mmoja anasema ni baraka, mwingine anasema ni dalili ya mwisho wa dunia, wa tatu anauliza kama atazaa farasi au punda au mtu. Redio anasimulia jinsi punda wake marehemu alivyokuwa na nguvu za kiume, anaweka mkono kifuani. Kamuuza kwenye lori, sasa anamlilia kama ndugu.

Waziri anakula. Tumbo kubwa. Tangu Jumatatu nimeacha kumpa pumba za kuloweka, lakini tumbo halijashuka. Nimemwangalia leo mara nne.

Mama watoto alinikuta bandani. Alisema tu: "Umeshajua utakavyolitoa?" Nikamuuliza kulitoa nini. "Hilo ulilolimeza," akasema, akaenda kuanika nguo.

Jumatatu, 17 Machi

Nilijaribu leo kumwambia Mkubwa.

Alikuwa amekaa na soji magotini, anashona kona kwa sindano nene, kazi aliyoanza mkewe. Nikamuuliza mbona anamalizia wakati mnyama hachukuliwi. Akasema hajui, mikono inataka kumaliza.

Nikakaa karibu. Nikavuta pumzi. Ndipo akaanza yeye.

"Baba, unajua kwa nini niliacha matuta ya juu?"

Nikasema uvivu.

"Mwaka juzi wakati wa kuvuna ulianguka kule. Ulimwambia mama umeteleza kwenye ganda. Kule hakuna mtu anakula ndizi, Baba. Nilikuona kutoka chini. Waziri alisimama juu yako, hakusogea mpaka ulipoinuka kwa kushika mguu wake. Nikasema siku nyingine nitakuwa siko chini kutazama. Basi nikaacha kulima."

Nikasema sasa kupandisha mabomba ndiyo sitaanguka?

"Kule mnakuwa kundi. Waongozaji watatu. Na wewe bila mlima unakuwa mtu wa kufungua kabati za watu."

Kumbe anajua habari ya daftari.

Aliniuliza mara ya pili, bila kuniangalia, kama ana mimba kweli. Nikasema kesho daktari anakuja, tutajua. Jibu la mwanasiasa. Kisha nikainuka, nikajifanya mgongo unauma. Uliuma kweli.

Nimepiga hesabu. Nikisema ukweli, Kalamu anapoteza kazi, na mimi napoteza uso. Nikinyamaza na daktari akaona hakuna kitu, ni vile vile, ila nimeongeza siku. Nikifuata maneno ya Kalamu kwamba mimba imetoka, Waziri ataandikwa mgonjwa, na mgonjwa naye hachukuliwi. Kila mlango uliofungwa nimeufunga mimi, tena kwa ndani.

Jumanne, 18 Machi

Naandika jikoni, daftari juu ya pipa la unga. Wako bandani wote.

Daktari kafika mapema, kabla hatujamaliza chai. Mwanamke mfupi, mabuti mpaka magotini, glavu ndefu za plastiki zimening'inia mfukoni kama soksi za jitu. Kalamu nyuma yake, rangi ya majivu. Daktari kanisalimia vizuri, kaniita baba, kaniuliza ndiye mwenye mnyama. Mkubwa kasema haraka: ndiye. Hakusema wetu. Kasema ndiye.

Akaanza kuvaa glavu. Anaivuta taratibu, kidole kwa kidole. Mkubwa kashika kichwa cha Waziri. Watu wamejaa kwenye ua, Redio yuko mbele.

Nikasikia mtu anasema, "Daktari, simama." Alikuwa ni mimi.

Nikasema huyu nyumbu hana mimba. Nyumbu hazai. Nilidanganya. Nilidhani anauzwa kwenye lori la ngozi. Na huyu bwana mifugo nilimlaghai, nilimwambia aandike kampima, na Waziri alikuwa amekaa vibaya, hata wewe usingemsogelea. Kama kuna wa kuandikwa, niandikwe mimi.

Redio mwenyewe kazimika. Kalamu aliangalia chini, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo, au aliyeuangusha. Sikumwangalia Mkubwa. Niliangalia mkono wake kwenye kamba ya Waziri.

Daktari akatabasamu kidogo. Akasema asante, baba, wengi hawasemi. Akasema lakini nimetoka mbali na glavu nimeshavaa, acha nitimize kilichonileta, niandike hakuna, nyumbu wenu waende kazini. Tukacheka, wachache. Mama watoto alinigusa kiwiko.

Akaingiza mkono. Mpaka kiwiko. Mpaka juu ya kiwiko. Anaangalia pembeni, ukutani, kama watu wanaotafuta funguo kwenye mfuko. Tabasamu lilikuwa bado lipo. Kisha likaondoka. Akasimama. Akasogeza mguu, akasimama tena.

Naibu akaacha kutafuna.

"Amekaa na dume gani?" daktari akauliza.

Nikasema hakuna dume, nimeshakwambia, nilimtaja punda wa Redio kwa sababu hayupo.

"Lakini alikuwepo?"

Redio akasema alikuwepo. Akasema ua wa huyu mzee haujawahi kumzuia hata kuku.

Waziri alikuwa ananigeuzia kichwa kila mara, hatulii, ndipo nikaambiwa nitoke kidogo. Nikaja huku.

Nimeshuku mwanangu. Nimeshuku mke wangu, mkamwana, serikali. Nimeshuku bomba, nikaligonga. Sasa nimebaki na Waziri. Miaka kumi na tisa nipo naye, namjua mpaka kikohozi. Hivi naye Waziri ananificha kitu?

Mkubwa yuko mlangoni. Hacheki. Hajakasirika pia. Kamwaga maji kwenye beseni, kaliweka juu ya kigoda.

"Baba, daktari anasema unawe mikono mpaka juu ya kiwiko, uje ushike mwenyewe."

Nimemuuliza nishike nini. Kama kuna kitu au kama hakuna.

Amekunja mikono yake ya shati, amesimama pale, amenishikia sabuni.